Nilivyolijibia Daraja la Likunja

Lindi, kambi ya barabara

Mke wangu mpenzi, Mama Salima,

Salamu nyingi, na pole nyingi kuliko salamu. Nakuuliza hali yako, na ya mtoto wetu Salima, na ya shangazi na kifua chake. Mimi mwili mzima, moyo si mzima. Kabla Mwalimu hajaendelea kukusomea, mtume mtu amwite kaka yako Hamisi. Najua hamsemeshani tangu matanga. Mwite hivyo hivyo, akae asikilize.

Habari za msiba nimezipata kwa dereva wa lori la ufuta. Alinieleza mama yenu alivyobanwa na tumbo, mkampakia kwenye lori analoendesha Hamisi kumpeleka hospitali Nachingwea, na Hamisi alivyofika darajani akageuza, mama akafariki bila kufika hospitali. Ulisema mbele ya watu kwamba kaka yako aliogopea lori la tajiri kuliko mama yake mzazi, na watu wakalidaka neno, sasa wanamwita Hamisi Geuza. Mama Salima, Hamisi hakuogopa kitu. Magogo ya daraja yalikuwa yamekwenda na maji, na aliyeyaacha yaende ni mimi.

Unakumbuka zamani kila jumbe alilima kipande chake cha barabara. Mvua ikikata njia, anapiga ngoma, watu wanatoka na majembe, na jumbe mwenye watu wachache barabara yake ni mashimo matupu. Sasa imeundwa idara moja ya jimbo zima, ina fungu lake la fedha na vibarua wa kudumu. Lakini fungu ni dogo, kwa hiyo panaanza kutengenezwa penye ubovu. Kabla ya mvua alikuja Mzungu mgeni, tunamwita Bwana Barabara, akatuita ofisini manyapara pamoja nami karani ili agawe fungu. Kiswahili chake amejifunzia melini. Akaanza na nyapara wa Marambo, habari ya daraja lenu? Yule mzee akajibu nzuri bwana, ila limekufa, bila kupumua katikati. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa daraja la kwetu halikuwa na nyapara.

"Habari ya daraja la Likunja?"

"Nzuri, bwana."

Ungejibuje wewe? Mtu akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama unatoka makaburini, halafu ndipo unaeleza. Nikameza mate nimweleze kwamba magogo yameoza, niliyaona mwenyewe nilipokuja Idi. Bwana alikuwa amekwisha kuandika na kumgeukia mtu wa Naipingo. Ningeweza kukohoa, ningeweza kunyoosha mkono. Niliogopa watasema karani anavutia kwao. Nikangoja mwisho, na mwisho ulipofika fungu lilikuwa limekwisha. Nikatoka pale nikala ugali wangu, nikalala vizuri, na hilo linaniuma kuliko yote.

Niliposikia msiba nilikwenda kwa Bwana nikamweleza. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Mimi nilikuuliza." Baadaye aliwaandikia wakubwa wake wakampa fungu la dharura, kwa sharti kwamba daraja jipya liwe na nyapara wa kulikagua kila mvua ikinyesha. Nimeiomba kazi hiyo nimepewa. Ukarani nimemwachia mwingine, basi nikituma pungufu usishangae.

Hamisi shemeji yangu, nisamehe. Mimi nilikuwa na kinywa nisikitumie, na jina baya ukabebeshwa wewe, tena ukiwa na msiba wa mama. Mwalimu akimaliza hapa, naomba barua hii isomwe na barazani, wote wasikie. Wanaotaka kumpachika mtu jina wanipachike mimi.

Msalimie shangazi, dawa yake ya kifua anayo mleta barua. Msalimie Jumbe, umwombe awatengee vibarua wangu mahali pakavu pa kulala upande wenu. Salima mpakate kwa niaba yangu.

Tunakuja mvua zikipungua. Vibarua watakaa huko kwenu, mimi nitapiga hema ng'ambo ya mto, upande wa Nachingwea. Daraja likiisha malori yatavuka, wagonjwa watavuka. Mimi nitabaki ng'ambo mpaka wewe na Hamisi mje pamoja kunichukua.

Ni mimi mumeo, mwenye kosa,
Mohamedi