Ndoto Uliyoniotea, Kaka

Ilford, London

Kwa kakangu Athmani,

Assalamu alaykum. Namwomba Mungu barua hii ikufikie umeshakunywa chai, maana ukiwa na njaa humsikilizi mtu. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na wewe kile kikohozi, umeacha kulala na feni usoni? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Baridi inatuuma lakini haijatumeza. Binti yangu Rahma anakusalimu. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa yote, kisha ananijibu Kiingereza, nami nimechoka kugombana naye.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema moja, wewe umeshasema tano. Karatasi huwezi kuikata maneno. Nampa Bi Salma, jirani yangu, anakuja Mombasa Ijumaa. Tafadhali umsomee Mama yote, usiruke mahali.

Ni kweli nimeacha kazi ya kutunza wazee. Ni kweli nimehama Thamesmead, tuko Ilford sasa, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, niwe karibu na gereji ya mabasi. Na ni kweli kwamba nduguyo, mjane anayekaribia hamsini, amefuzu kuendesha basi. Basi la ghorofa, jekundu. Hukudanganywa. Umesema watu wa mtaa watanicheka. Wacheke, wakichoka watakaa.

Unauliza wazee walinikosea nini. Hawakunikosea. Mgongo nimeumaliza kwa kuwainua, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba mzee wangu akifa asubuhi, jioni napelekwa kwa mwingine. Yule wa mwisho, bibi aliyekuwa akiniita mwanawe, nilimfumba macho kwa mkono huu huu, na kabla sijanawa simu ikalia: "Zuhura, kuna nyumba nyingine inakungoja." Nikakaa kwenye ngazi zake nikalia. Nikasema, ya Rabbi, kama kuna mlango mwingine nionyeshe.

Nikaswali istikhara, nikamwachia Yeye anichagulie. Wengine hujibiwa ndotoni, mimi sikuota kitu. Nililala fofofo, sikuota hata paka. Lakini niliamka kifua chepesi, na lile tangazo la kazi ya udereva nililokuwa nikilipita kila siku pale kituoni, siku ile miguu ilikataa kulipita. Hayo ndiyo majibu yangu. Kazi niliiacha kabla ya kujua kama hawa wa mabasi watanichukua. Wewe ukaniita mwendawazimu. Mimi nilikuwa nimetawakali, na aliyeniweka hai huku miaka yote hii si wewe wala mimi.

Wakanichukua. Mwalimu wangu alikuwa Kalasinga mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Nakuru. Alipojua natoka Mombasa akakitupa Kiingereza. "Mama, hiyo breki ama mende? Mbona wewe nakanyaga kama naua?" Unakumbuka gari la mikate la marehemu mume wangu, nilivyoliingiza kwenye vichochoro vyote vya Majengo? Nilidhani najua. Siku ya kwanza nikaangusha koni zote za uwanjani. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu ninyamazie kidogo nisome Bismillahi." Akanijibu, "Soma, mama. Lakini macho fungua."

Sasa hiyo ndoto. Sikukutuma uniswalie istikhara, ukaniswalia. Kisha ukanitumia sauti kwenye simu, unahema. Umeona nyumba kubwa nyekundu inatembea gizani, mimi nimefungiwa mbele ndani ya kioo. Nyuma yangu watu wamejifunika gubigubi, vichwa wameinamisha, hakuna anayesema, na nuru hafifu inawatoka usoni. Unaniita, sikusikii. Ukasema hilo ni kaburi langu. Ukamwambia Mama, na Mama akasema hana radhi na kazi hii mpaka nirudi kwa wazee.

Kaka, ile sauti yako niliisikiliza nimepanda basi, nakwenda mazoezini. Ilipokwisha nikainua macho. Watu wamejifunika makoti meusi mpaka vichwani. Kila mmoja ameinamia simu yake, mwanga unampiga kidevuni. Kimya, maana huku ukimsalimia mwenzio kwenye basi anadhani unataka kumwomba kitu. Na dereva yuko ndani ya kioo chake, mwite mpaka kesho hakusikii. Nilicheka peke yangu mpaka wakageuka kunitazama. Kaburi gani? Uliota basi la kwenda Stratford, asubuhi ya baridi!

Nawe hujapanda hata ndege. Ni nani aliyekuonyesha kile kioo? Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, kufasiri ndoto sijui. Ila naona uliniombea bila ruhusa yangu, ukajibiwa, na jibu ukalikimbia. Na hata ungeota nimezama, ningekwenda vile vile. Istikhara ni ya mwenye haja, na mwenye haja ni mimi.

Mama, hapa nasema na wewe. Kwa wazee sirudi. Jumatatu baada ya alfajiri naingia barabarani peke yangu, bila mwalimu. Ukiwa radhi nitakwenda, na ukinuna nitakwenda. Lakini ukiwa radhi usukani utakuwa mwepesi. Nilikuwa nikiogopa kitu kimoja tu katika haya yote, nacho ni wewe.

Nisalimie wifi yangu, mpishi wa mahamri ninayoyatamani kila asubuhi. Nisalimie maalim wetu wa chuoni, mwambie Yasini aliyonifundisha kwa fimbo ndiyo naisoma nikisubiri taa iwe kijani. Nisalimie na fundi cherehani wa mlango wa pili.

Nawe kaka, ukiniota tena usipige kelele. Kwenye nguzo kuna kengele nyekundu. Bonyeza, nitasimama kituo kinachofuata nikushushe salama, kisha niendelee na safari yangu.

Ni mimi nduguyo,
Zuhura