Saa Nilizozifuta

Jumatatu, 3 Juni

Uji nusu kikombe. Vidonge vitatu. Miguu imevimba hadi magotini. Tangu nirudi na basi kutoka hospitali ya Haydom sijafika hata zizini. Daktari alisema moyo umechoka. Hakunificha, namshukuru.

Gwandu, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mhadhiri, ameniletea mswada wa kitabu chake. Kinakwenda kuchapwa Ijumaa. Anawajibu wachumi wanaodai thamani ya gunia la mahindi ni hamu ya mnunuzi tu, na jasho la mkulima ni gharama kama mbolea. Upuuzi! Mnunuzi anashuka sokoni Katesh na viatu visafi, halafu hamu yake ndiyo iumbe thamani? Nimegonga meza mpaka uji ukamwagika.

Jumanne, 4 Juni

Nimefika sura ya tatu. Modeli yake yote imesimama juu ya jedwali langu la saa za kazi, lile nililolikusanya kijijini Nambis. Anasema hajaona hesabu safi kuliko hiyo.

Sikula mchana.

Jumatano, 5 Juni

Niandike wakati mkono bado unashika kalamu.

Nilikuwa kijana. Nilihesabu saa za ujima, majirani wakipalilia shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Halipwi mtu. Mwenye shamba hutoa pombe. Niliandika kila saa ya jembe. Niliandika pia saa za wanawake: kusaga nafaka, kuchota maji, kutafuta kuni, kupika pombe, siku kadhaa kabla jembe la kwanza halijagusa udongo. Nilipoziingiza, modeli ilivunjika. Bei za sokoni hazikufuata tena saa za kazi.

Nikazifuta saa za wanawake. Nikaziita burudani. Bei zikatii. Nikawa profesa.

Mimi, niliyewafokea wenzangu mikutanoni kwamba wanadharau kazi! Mwongo mkubwa. Na nilijua. Mtungi mmojawapo wa pombe ile ulikuwa wa mke wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anapeta maharage.

"Kumbe ile pombe ilijipika, Baba Tluway?" Akacheka. Kisha akaweka ungo chini. "Na mgongo huu nao ni burudani?"



Nikampigia Gwandu simu aje. Alifika saa tisa. Nikamweleza yote, bila kujitetea.

"Profesa, wachumi wale watatuchinja. Watasema nadharia nzima ni uongo."

Nikamwambia huenda ni uongo, huenda ni kweli na bei ndizo zinazodanganya. Kwa jedwali langu hatutajua kamwe.

"Miaka yote hii ulikuwa unanisahihisha mimi," akasema.

Akaondoka. Chai yake hakuigusa.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya kuchapa. Simu kimya. Nina hasira, na safari hii si kwa wale wa hamu ya mnunuzi. Angalau wao walikosea wakiamini. Hasira yangu ni kwa mzee anayeamkiwa kila njia anayopita, na hakuna anayemuuliza kitu.

Jumapili, 9 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Sikwenda kanisani.

Ujumbe wa Gwandu umeingia: "Nimesimamisha kitabu. Nitaanza kuhesabu upya, na wanawake kwanza." Hakutanguliza shikamoo. Hajawahi kuniandikia bila hiyo.

Nimemsomea mke wangu. Akaniuliza kama nimekula.

Nimekula kidogo.