Mlio wa Mashine ya Maduhu

Minza mjukuu wangu,

Mwangaluka. Sisi tupo. Goti la bibi yako limetulia, na mahindi yamesimama vizuri. Chumba chako hatujampa mtu.

Umeniuliza kwa nini huna furaha. Biashara imekuwa ngumu, kampuni yenu imepunguza watu wa Tehama, na wewe umebakizwa ufanye kazi za watatu.

Nilipokuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, bei ya pamba ilianguka, watu wakapunguzwa. Mwenzangu Maduhu akarudi kwao Mwamanyili kulima. Mimi nikabaki na mashine yangu na yake. Wiki chache baadaye ya kwake ikaanza kulia vibaya. Nikapanda basi nikamfuata hadi shambani, nikamwigizia ule mlio kwa mdomo. Akaweka jembe chini, akafumba macho, akaniambia niigize tena.

"Ni beringi ya kushoto," akasema. "Inataka grisi tu, usiifungue."

Ikawa kweli. Meneja akanisifu, nami sikumtaja Maduhu. Wala sikurudi kumwambia kwamba mashine yake imepona. Nilikuwa nasubiri iharibike tena, nipate sababu ya kwenda. Haikuharibika. Sasa Maduhu ametangulia, na ule mlio bado naweza kuuigiza.

Namba za wenzako unazo. Wapigie, hata kama hakuna kilichoharibika.

Na huku pia.

Babu yako,
Somanda