Niliiona Faulo ya Nne, Nikanyamaza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mimi ni mtu wa hesabu na nitakupa hesabu zote. Ni kocha msaidizi wa mpira wa kikapu katika chuo kilekile nilichochezea michezo themanini na saba, wastani wa pointi kumi na nne, kabla goti halijanikatalia, na sikubebwa na mtu, sina mjomba ofisini, nilianza kwa kupiga deki uwanja wa ndani na kujaza mipira upepo mpaka nikapewa filimbi, na huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa benchi nikishika daftari la faulo, kwa sababu mchezaji akifikisha tano anatolewa na harudi, na kazi ya kumwambia kocha mkuu nani ana ngapi ni yangu.

Kocha mkuu, wachezaji wanamwita Mzee, si mtu mbaya, lakini mbinu tuliyoshindia nusu fainali niliichora mimi, mezani kwangu, mke wangu shahidi, gazeti la chuo likaandika ni yake naye hakusahihisha. Siku ya fainali, wakati wa mapumziko, nikamwambia wapinzani wanatupita kushoto, akanijibu mbele ya wachezaji kumi na wawili, “Wewe shika daftari, bwana, mpira niachie mimi.” Vijana wakacheka, na mimi nikacheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Basi nikashika daftari. Robo ya mwisho, zimebaki dakika sita, tunaongoza kwa pointi tisa, refa akampulizia Mnara, ndiye mrefu wetu, yuko mwaka wa mwisho, na meza ya waamuzi ikainua kibao cha faulo namba nne. Mzee kageuka anabishana na refa, hakukiona, yeye anajua ni ya tatu, hata Mnara katika kelele zile alidhani kaandikiwa mwenzake, mimi nikaandika nne, nikafunga daftari nikaliweka magotini. Angejua, angemtoa ampumzishe. Nilikuwa na dakika mbili na sekunde arobaini za kufungua mdomo, nikajiambia, si amesema mpira nimwachie? Mnara akaruka kuzuia mpira ambao hakupaswa hata kuusogelea, faulo ya tano, akatoka, tukafungwa kwa pointi mbili.

Kikaoni wakubwa wa chuo walipouliza nani hakuhesabu, nami nimekaa palepale, Mzee akasema, “Kocha ni mimi, kosa ni langu.” Basi. Mkataba wake hawakuuongeza. Sasa mkurugenzi wa michezo ananipa mimi nafasi ile, nisaini Ijumaa, na jana Mzee kanipigia simu, “Nimewaambia wasihangaike kutafuta nje, mtu wanaye. Hongera, mdogo wangu.” Tangu hapo chakula hakipiti. Mke wangu anasema, “Baba watoto, umesubiri miaka kumi na moja, leo unataka kujichongea mwenyewe?” Ana hoja. Nikisaini nikanyamaza, nimekosa, au ni haki yangu iliyochelewa?

Mshika Daftari


Ndugu Mshika Daftari,

Pole kwa goti, pole kwa gazeti, na pole kwa kile kicheko. Mzee alikukosea, tena mbele za watu. Hapo niko upande wako. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umenihesabia michezo, pointi, dakika na sekunde. Mnara je? Huo ulikuwa mchezo wake wa mwisho chuoni, na mpaka leo anaamini ni yeye aliyewaangusha wenzake. Hujaniandikia alisema nini alipotolewa akaja kukaa benchi moja na wewe. Uliyemlenga ni Mzee, aliyeumia ni kijana. Mtu akigombana na baba mwenye nyumba hachomi paa la nyumba walimolala watoto.

Na usinijie na “niliambiwa nishike daftari.” Daftari halishikwi ili lifungwe. Umeandika kwa mkono wako kwamba kazi ya kumwambia ni yako.

Mkeo usimlaumu, anatetea nyumba yake. Ila mwambie kwamba baba watoto asiyekula atampa shida kubwa kuliko baba watoto aliyekosa cheo. Utakikosa? Huenda. Lakini mkurugenzi anatafuta mtu wa kumkabidhi vijana, na mtu anayekuja bila kuitwa akasema “hapa nilikosa” haokotwi njiani. Una miaka kumi na moja ya kazi safi ya kumwekea mezani pamoja na zile dakika mbili na ushee. Mimi ningekuajiri, nikakukemea siku nzima, nikakuajiri.

Fanya hivi. Anza na Mzee, nyumbani kwake, si kwa simu. Habari za mbinu na gazeti usiende nazo siku hiyo. Zina siku yake, na utazisema, maana nazo ni haki yako. Ukitoka hapo mtafute Mnara, umwambie wazi kwamba alicheza bila kujua, na kwamba wewe ulijua. Kisha mkurugenzi, na iwe kabla ya Ijumaa, akiwa bado anaweza kubadili mawazo bila aibu. Ukipewa kazi, msaidizi wako umwambie siku ya kwanza kwamba ana ruhusa ya kukukata kauli mbele ya timu nzima, na jina lake liandikwe chini ya kila mbinu anayochora.

Aliyekuita mdogo wake baada ya kupoteza kazi kwa ajili yako hatakufungia mlango. Nenda leo. Usizunguke na salamu. Sema, “Kocha, ile ya nne niliiona,” halafu nyamaza umwache yeye azungumze.