Futari ya Saa Kumi na Mbili na Robo

Jumatatu, 10 Machi 2025
Inatangazwa rasmi kwa umma wa nyumba hii — yaani mimi na mke wangu Husna — kwamba jioni hii redio yetu ya betri imenasa kituo cha AM kutoka ng'ambo ya bahari. Kiarabu, dakika nne, kisha mikwaruzo. Umma umejibu: "Na kunde zako zimeungua."

Jumanne, 11 Machi
Tangu spika ya msikiti iungue, majirani wanafuturu barazani kwangu kwa adhana ya redio, FM. Muadhini anajitahidi kwa koo lake, ila upepo huu wa Same unaimeza sauti. Nikawaeleza kwamba jua likikaribia kuzama AM hufunguka, na vituo vya mashariki huja kwanza, kwao giza limeshaingia. Mzee Swalehe akasema fundi cherehani aliyeshindwa kupima mikono ya kanzu yake sasa anapima bahari. Wakacheka. Haya. Kesho watasikia.

Jumatano, 12 Machi
Tumefuturu. Mvua kubwa. Nimechoka.

Alhamisi, 13 Machi
Husna kashika ratiba ya mfungo. Jana mlifuturu saa ngapi? Adhana ilipolia, nikasema. Adhana ya wapi? Nikaenda kutafuta uzi.

Basi niandike. Jana wingu lilifunika jua. Niliacha mshale kwenye AM makusudi, nionekane mtu. Saa kumi na mbili na robo adhana ikapanda, safi, ya ng'ambo. Nikafungua kinywa nijisifu — Mzee Swalehe keshasema Bismillahi, tende mdomoni. Ningeweza kusema, "Mzee, tema, bado." Nilijua bado dakika ishirini na zaidi. Nikachukua tende, nikala nami. Kisha wakanisukuma mbele niwasalishe. Nikawasalisha Magharibi, jua bado lipo! Mvua juu ya bati ikafunika adhana ya kweli.

Wasipoambiwa, hawatailipa siku hiyo. Mzee ana miaka sabini na sita, hajabakiza funga hata moja tangu ujana.

Husna kauliza mara moja tu: "Utawaambia wewe, au niwaambie mimi nikitoa uji?"

Kumi na mbili na dakika kumi. Mkeka umeshatandikwa. Mzee anaita kutoka nje: "Habibu mwanangu, tuwekee ile ya jana. Ile ina sauti tamu."

Redio iko mapajani, mshale palepale. Nimeitikia, "Naam, Mzee."

Sijainuka.