Mtama wa Chini ya Mkuyu Wako

Mpendwa mume wangu, Baba Bhoke,

Huku Gorong'a mtama umeiva, wa kwanza tangu tukuzike. Leo asubuhi mdogo wako Marwa alikuja na chenso, ule msumeno wa injini, kuangusha mkuyu wako wa katikati ya shamba. Maneno aliyoniambia ni yangu yote, yale niliyokuimbia tangu unioe: chini ya kivuli kile mtama unatoka mwembamba, unachelewa, haujazi punje.

Wewe ulikuwa ukinijibu kwamba kivuli hakina kosa, udongo ndio wenye njaa. Sisi tulikuwa na mbuzi wawili tu, basi ukavaa koti la harusi, ukanichukua twende kwa baba yangu kuomba samadi. Nilitaka ardhi inimeze. Shikamoo haijapoa, ukamwambia, "Mzee, ng'ombe wa mahari nilitoa. Mavi yao sikutoa."

Baba alilikagua koti lako juu hadi chini, nikajua leo ndoa imekwisha. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akakupa mkokoteni mzima wa samadi. Nawe kwa kiherehere chako ukaimwaga yote chini ya mkuyu, mbichi, bado inafuka. Jamani, mtama ule. Ulirefuka ukapita paa la jiko, majani mapana, na suke hata moja hakuna. Majirani waliuliza kama tumeanza kupanda majani ya ng'ombe. Wewe ulisifia ubaridi wa pale, na ukipewa zamu ya kufukuza ndege ulikoroma hapohapo huku ndege wanakula upande wa juani.

Siku hizi samadi naiacha ioze kabisa, ndipo naitandaza palipo na jua. Masuke yameinama kwa uzito. Ungeyaona ungesema ni akili yako, na mwaka huu nisingebisha.

Marwa alipotaka kuwasha chenso, nilikwenda nikaegemea shina. Akaniuliza, "Shemeji, mti huu una faida gani?" Nilikuwa nimekukumbuka mno. Nikamwambia arudi kesho, nikabaki pale kufukuza ndege.

Usingizi ukanipitia. Niliposhtuka, ndege walikuwa wameshamaliza mistari miwili, nami udenda umenitiririka shavuni. Nikacheka, nikageuka nikuambie.

Kesho Marwa nitamwambia mti ule ni wa kulalia, na haukatwi.

Pumzika, mume wangu. Ndege nitawafukuza mimi, nikiamka.

Mkeo,
Mama Bhoke