O Yenye Mukia

Goma, Himbi, tarehe 7 septemba 2025

Kwa yaya wangu Kanyere,

Yesu asifiwe. Mimi niko muzima, namushukuru Mungu, goti tu ndilo linanisumbua asubuhi wakati wa baridi. Na wewe, kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya majani bado unakunywa? Tangu tumuzike muzee, bwana yako, sijakuona kwa macho, lakini kila misa nataja jina lake, halafu lako. Na Daniella wangu, anakula? Anakusikiliza? Umusalimie sana, umwambie mama yake anamuwaza.

Simu haifiki kwenye mulima wenu wa Masereka, ndiyo maana karatasi inapanda na gari ya Florent akija kuchukua viazi. Unisamehe mwandiko. Bado navuta mikia ya herufi kama pale shuleni kwa masista, ulipokuwa unanicheka.

Yaya, nimepata kazi! Lakini ni kazi gani, hata mimi sijaelewa vizuri. Nikuelezee, labda wewe utaelewa.

Kuna duka hapa Himbi, la bwana mumoja anaitwa Benny. Anauza vitu vya kuchezea, lakini vya watu wakubwa: ndege ndogo za kubandika na gundi, brashi nyembamba kama unywele, na masanduku ya michezo. Alinikuta nje ya kanisa. "Mama Athanasie, si ni wewe ulikuwa unaonyesha watu mbabula, majiko yale ya kula makala kidogo, pale paroisi?" Nikasema ndiyo. "Basi uje unifanyie demo dukani." Nikasema ndiyo. Jumamosi, siku ya posho, nikafika na kitambaa kiunoni, kibiriti mukononi, na makala ndani ya mufuko. Benny akaangalia makala, akaniangalia mimi. "Mama, unataka kuniunguzia duka?"

Kumbe demo ya kwake ni ya mezani. Watu wanaketi mbele yangu, wengine wana ndevu, na mimi nawafanyia demo mpaka inawaingia. Mwanzoni wanaogopa. Nikiwashika mukono mara mbili tatu, inawaingia, wanaanza kucheka peke yao. Wengine wanaondoka nayo mpaka nyumbani kwa watoto wao. Na Benny ananiambia: "Mama, kazi yako ni kushindwa. Mugeni akishinda, atarudi." Yaya, kushindwa kusudi ni uongo ao si uongo? Wewe ndiye ulisoma katekisimu mpaka mwisho.

Sasa neno kubwa. Nimepata nafasi ya Daniella shuleni hapa. Mama directrice, mukubwa wa shule, amesema atamuwekea kiti mpaka Noeli. Nilimupandisha kwako na Florent wakati risasi zilikuwa zinakaribia, nikasema ni mwezi mumoja. Imekuwa mwaka na miezi saba. Florent yuko tayari kumushusha. Mufungie nguo zake, yaya. Na unijibu.

Mudogo wako,
Athanasie


Masereka, tarehe 28 septemba 2025

Athanasie, mudogo wangu,

Amani ya Bwana. Kifua ni afadhali. Daniella ni muzima, amenipita bega. Wewe ndiye sijui kama uko muzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimepiga magoti. Umeenda Himbi na makala na kibiriti kufanya ile kitu? Watu inawaingia, wanacheka peke yao, halafu wanaondoka nayo nyumbani kwa watoto? Na unaniandikia kama mutu anayesimulia habari za soko! Jina la Mwovu umeliandika mara tatu kwa wino wa buluu. Mimi sitaliandika hata mara moja, karatasi hii inatoka ndani ya nyumba yenye musalaba.

Mama yetu, aliyekuwa anatuamusha kwa rozari, angesema nini? Angekufa mara ya pili.

Florent anakuletea chupa ya maji ya baraka na chumvi. Ujinyunyize kwanza wewe mwenyewe. Umuone padri kabla ya kurudi pale. Mutoto atabaki hapa mpaka nijue kama mudogo wangu ni yule yule.

Yaya wako mwenye uchungu,
Kanyere


Goma, tarehe 12 oktoba 2025

Yaya Kanyere mupenzi,

Nakusalimu kwa jina la Yesu na Maria. Nafurahi kifua kimetulia. Goti langu ni lile lile. Unaniambia Daniella amekupita bega, na mimi bado namuona kichwani mwangu na ile robe ya njano aliyovaa siku ya komunyo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sijaelewa. Jina la Mwovu? Nimehesabu majina niliyoyaandika: lako, la Daniella, la Florent, la Benny. Ni Benny? Yaya, Benny anaimba sauti ya chini kwenye kwaya ya misa ya jumapili, siku ya yenga! Mutu amekuambia nini juu yake?

Kwa padri nimeenda, kwa sababu umesema. Nilimukuta Padri Havugimana kwenye maua yake.

"Padri, yaya wangu amesema nije kukuona."

"Kwa sababu gani, mama?"

"Sijui."

"Umetenda dhambi?"

"Nashindwa kusudi kila siku ya posho."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipa baraka, akasema anakusalimu, na kama wewe unajua sababu umuandikie, maana yeye pia hajaielewa.

Maji ya baraka asante sana. Nilifikiri umetuma kwa ajili ya kubariki kazi, basi nikanyunyiza mimi, nikanyunyiza mulango, nikafika mezani. Benny alipiga kelele: "Mama! Ni karatasi hiyo!" Kadi tatu za muchezo zimevimba kama mandazi. Amezikausha juani, lakini mutu yeyote akizishika sasa anajua ni zipi.

Labda ni dadu zinakutisha, vile vijiwe vya nukta? Niliandika mbio, sikukueleza muchezo wenyewe. Si kamari, yaya. Muchezo ninaouonyesha zaidi unaitwa Daraja. Kuna muto, kuna daraja bovu, kuna watu kumi na wawili wa mbao ngambo hii. Ukirusha dadu, ao mutu anavuka, ao ubao wa daraja unaanguka. Wachezaji wote wako upande mumoja. Wote wanavuka ao wote wanashindwa. Hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, na mimi pamoja nao. Kuna mama mumoja mufamasia, Lucie, anakuja kila siku ya posho.

"Sasa mimi namushinda nani hapa?" ameniuliza.

"Hakuna, mama Lucie. Tunashinda muto."

"Na wewe?"

"Mimi niko na wewe."

"Basi nitajuaje kama nimekushinda?"

"Hutajua, mama."

"Aa! Muchezo gani huu? Irushe tena."

Akakaa mpaka duka likafungwa. Na kwa muchezo huu siwezi hata kushindwa kusudi, maana nikishindwa, naye nimemuangusha mutoni. Benny hajaliona hilo bado. Usimwambie.

Je, hiyo ndiyo ilikutisha? Kama si hiyo, uniambie ni nini. Na unirudishie mutoto, yaya. Florent anapanda jumatano, siku ya tatu.

Mudogo wako,
Athanasie


Goma, tarehe 16 novemba 2025

Yaya wangu,

Salamu kwanza, ingawa sijui nikusalimu kwa sura gani. Kifua chako je? Baridi ya huko imeanza?

Florent ameshuka mara mbili, mikono mitupu. Anasema ulimupa chai, ukamuuliza habari za njia, ukamuaga. Anasema Daniella alimukimbilia pale kwenye gari na neno mudomoni, ukamwita arudi kugeuza maharagi. Neno gani, yaya? Florent anasema hajui. Watu wote wananiambia hawajui.

Nimekaa na barua yako kama mutu aliyepewa funguo bila mulango. Ningeomba musamaha, lakini nitaombaje kama sijui kosa? Nilienda kuungama, padri akauliza nimekosa nini, nikamwambia yaya wangu ndiye anayo orodha.

Jana nilikuwa mezani, nafanya muchezo mwingine, ule wa kupigana kwa mawe meupe na meusi. Mama Lucie akaweka mikono kiunoni: "Leo mama unanipiga bila huruma, kuna nini?" Kumbe nilikuwa nashinda. Nilisahau kushindwa. Akili yangu ilikuwa kwenye mulima wenu, inatafuta mahali ilipokosea.

Kama ni kazi hii ndiyo inakuchukiza, nitaiacha. Nimemuambia Benny. Akasema, "Mama, wewe ndiye wa kwanza hapa anayewaeleza watu bila kuwatia haya." Lakini nitaiacha. Mutoto ni mutoto.

Nikitoka dukani napitia pale shuleni. Mulinzi amenizoea. Nasimama dirishani natazama kile kiti, cha mustari wa pili, karibu na ukuta. Mama directrice alisema mpaka Noeli, na Noeli haipunguzi mwendo.

Unijibu, hata neno moja. Hata kama ni la ukali.

Mudogo wako ambaye haelewi,
Athanasie


Masereka, tarehe 7 desemba 2025

Athanasie wangu,

Bwana awe nawe. Mimi niko muzima wa mwili. Kifua kimepona tangu septemba, na hilo pia sikukuambia vizuri, nilipenda uendelee kuniuliza.

Keti kwanza, kisha usome.

Ile barua yako ya kwanza niliisoma kwa macho yangu haya mabovu, na nikaona umeandika unafanya "demon", yaani shetani. Siku ya posho, na makala, na watu inawaingia. Niliogopa kweli, sikuigiza. Nikakuandikia ile barua kali, nikaibandika, nikampa Florent pamoja na chupa. Hapo Daniella akaokota barua yako mezani, akaisoma, akaanza kucheka. "Mama mukubwa, hii si demon. Ni demo. Ni kuonyesha watu, kama mwalimu wa hesabu anavyofanya demonstration ubaoni. Hapa ni o ya mama, yenye mukia, hakuna n."

Mukia wa o, Athanasie! Ule ule niliokucheka miaka yote kwa masista. Nilikuwa naujua kuliko mutu yeyote duniani.

Sasa usikie kosa langu. Florent alikuwa bado hapo nje. Alikuwa anafunga kamba ya viazi. Ningemwita tu, "Florent, nirudishie ile karatasi," angeirudisha. Nilisimama mulangoni. Nikamutazama anafunga kamba, anapanda, anawasha gari. Sikuita.

Nikamuambia Daniella nitakuandikia mwenyewe kueleza. Akangoja. Florent alipokuja tena, mutoto alitaka kumuambia, nikamuita kwenye maharagi. Maharagi yenyewe yalikuwa yameiva.

Unajua nyumba hii tangu muzee aondoke. Wewe uliiona siku ya maziko tu, imejaa watu. Baada ya wiki mbili ikabaki sahani moja. Daniella ndiye aliyeanza kuweka ya pili. Anaimba akipasha maji, anakosea maneno, naye hajali. Ulipoandika nimufungie nguo, nilitafuta dhambi yako kila mahali, na Mungu anisamehe, nilifurahi kuipata kwenye mukia wa herufi. Nilipojua si dhambi, niliishika hivyo hivyo.

Nimeungama. Padri wetu hakucheka kama wako. Alisema sala sitapewa, nitapewa kazi: nirudishe nilichoshika.

Ile barua yako ya Daraja, Daniella ameifanya kweli. Amekata katoni ya sabuni, amechora muto, amechonga dadu ya muti, na watu ni maharagi kumi na mawili. Tumecheza kila siku baada ya rozari ya saa kumi. Mara ishirini tumeangusha watu mutoni. Mimi namulaumu yeye, yeye ananilaumu mimi, halafu tunakumbuka tuko upande mumoja, tunakosa wa kumulaumu. Jana maharagi yote kumi na mawili yalivuka. Nilikuwa nimeinama kwenye moto, nikageuka, nikakuta yote ngambo ile, na yeye anatazama juu kama malaika wa sanamu. Dadu haikuwa imefika hapo, Athanasie, mimi najua kuhesabu. Amesukuma moja. Ni mutoto wako.

Nilisema, "Tumeshinda."

Nguo zake nimezifunga. Anashuka na Florent siku ya tatu, tarehe 10, wakipata njia. Nimemuambia akae katikati, asishuke kwenye vizuizi, na rozari yangu iko shingoni mwake chini ya shati. Barua hii anaileta mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma yuko mbele yako. Lakini mimi huku sitajua.

Usiache kazi ya Benny. Umuombe radhi kwa kadi zilizovimba, ni maji yangu. Na umuulize neno moja: Daraja inaweza kuchezwa na mutu mumoja? Katoni ameniachia, na maharagi yote.

Uniandikie mbio kwamba amefika. Hata kwa mikia.

Yaya wako,
Kanyere